Kuhani Anaangalia Nyumba Ingali Imesimama: Neno Juu ya Kansere ya Mlango wa Kizazi



Karatasi ya juma hili inafuata mahubiri yaliyopita hewani juu ya Walawi 14, kuanzia mstari wa 33 mpaka wa 48. Wengi mliniambia, sokoni na kwenye kivuko cha Alunguli, kwamba umeme ulikatika katikati ya mahubiri, na hamkuelewa mchungaji alitoka namna gani kwenye ukuta wa nyumba ya Waisraeli mpaka akafika kwenye tumbo la mama. Basi ninayaandika yote, polepole.

Kwenye chuo cha Biblia tulikuwa tunapita kitabu cha Walawi mbio mbio, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mwenye deni lake. Sura hizi za madoa na ukoma zilituchosha. Siku hizi ninazirudilia mara nyingi kuliko zingine. Musa anasema hivi: mwenye nyumba akiona kitu kama pigo kwenye ukuta wake, asingoje. Aende kwa kuhani, amwambie tu kwamba anaona kitu, hata kama hajui ni kitu gani. Kuhani anaagiza vyombo vitolewe nje, kisha anaingia kuangalia. Anatafuta mistari ya rangi ya kijani ao nyekundu iliyoingia ndani kuliko uso wa ukuta. Akiiona, anafunga nyumba siku saba, kisha anarudi kuangalia tena. Ikiwa doa limeenea, mawe yale peke yake yanatolewa, lipu inakwanguliwa, vinatupwa nje ya muji, na mawe mengine yanawekwa mahali pake. Doa likikosa kurudi, nyumba ni safi na watu wanaendelea kulala ndani. Nyumba inabomolewa yote pale tu doa linaporudi baada ya kazi hiyo yote.

Angalieni vizuri jambo hili. Wakati kuhani anaingia, nyumba ingali imesimama. Hakuna ukuta ulioanguka, hakuna mtoto aliyeumia. Mungu aliweka sheria ya kuangalia mapema, ili mawe mawili matatu yatolewe na nyumba yote ipone.

Sasa tuje kwa mama zetu.

Mlango wa kizazi, wengine wanauita shingo ya kizazi, ni ile sehemu ya chini ya tumbo la uzazi, pale mtoto anapopita akizaliwa. Kansere ya mahali pale inaua wanawake wengi sana. OMS, Shirika la Afya la Dunia, lilihesabu vifo karibu 350,000 katika mwaka wa 2022 peke yake. Katika kila vifo 100 vya namna hiyo, 94 vilitokea katika inchi zenye mali kidogo ao ya katikati, maana yake inchi kama yetu. Si kwamba mwili wa mama wa Maniema ni zaifu kuliko wa mama wa Ubelgiji. Kule wanaangalia ukuta mapema.

Kansere hii haiji kwa usiku mmoja. Inaanzishwa na virusi vinavyoitwa HPV. Mjerumani mmoja, munganga Harald zur Hausen, ndiye aliyeonyesha jambo hilo katika miaka ya 1980, wakati wengi walikuwa wanatafuta sababu mahali pengine, na akapewa zawadi ya Nobel mwaka wa 2008. Aina mbili za virusi hivyo, nambari 16 na nambari 18, zinaleta karibu kansere 7 kati ya 10 za mlango wa kizazi. Mara nyingi mwili wenyewe unavifukuza, katika mwaka mmoja ao miwili, na mama hajui hata kama aliwahi kuwa navyo. Lakini kwa wengine vinabaki. Vikibaki, vinaanza kugeuza nyama ya mlango wa kizazi kidogo kidogo. Kutoka hapo mpaka kansere yenyewe, inaweza kupita miaka 15 mpaka 20. Kwa mama mwenye virusi vya SIDA asiyepata dawa, miaka hiyo inapungua, inaweza kuwa 5 mpaka 10.

Miaka 15! Mtoto anazaliwa, anamaliza masomo ya msingi, anaingia sekondari, na wakati huo wote doa liko ukutani na mama hasikii kitu. Haumwi, hatoki damu, anaimba kwaya, anavuka mto na mihogo yake kichwani. Ndiyo maana mama anayesema «mimi sisikii maumivu, nipimwe ya nini?» anasema neno ambalo doa lenyewe lingependa aseme.

Nina jambo la kuungama hapa, na si rahisi kuliandika.

Zamani kidogo, katika kanisa nililokuwa ninatumikia, mama mmoja wa kwaya alimwendea bibi yangu. Alikuwa anatoka damu kila alipokutana na bwana wake. Bibi yangu aliniambia kwa maneno ya kuzunguka, kwa sababu ya haya. Nikaagiza siku tatu za kufunga na maombi. Siku ya nne damu ilikuwa imekatika. Yule mama alisimama mbele ya kanisa akatoa ushuhuda, na amina yangu ilikuwa kubwa kuliko ya wote. Sikujua kwamba damu ya ugonjwa huu inakuja na kwenda yenyewe. Ilirudi. Naye, kwa kuwa alikuwa ametoa ushuhuda mbele ya watu, aliona haya kusema kwamba imerudi. Alinyamaza miezi minane. Tulipomfikisha hospitali, munganga aliniita pembeni akaniuliza: «Mchungaji, hii ilianza lini?» Nilimjibu. Akaandika kwenye karatasi yake, hakuniambia kitu kingine. Tulimzika kabla mwaka haujaisha, na aliacha watoto wanne.

Sisemi kwamba hospitali ingemponya kwa hakika siku ile ya kwanza. Damu ni alama ya nyuma. Ukuta ulikuwa umekwisha kupasuka. Lakini alipoteza miezi minane kwa sababu ya ushuhuda tuliompa haraka, na alipoteza miaka mingi mbele ya hapo kwa sababu mimi, mchungaji wake, sikuwahi kumwambia kwamba kuna kuangalia kunakofanywa wakati mtu ni mzima.

Tangu siku ile ninasoma tofauti habari ya wakoma kumi katika Luka 17. Bwana Yesu mwenyewe ndiye anayewaponya, tena ndiye anayewatuma wajionyeshe kwa makuhani, ndio wenye kazi ya kuangalia madoa. Yeye hakuona haya kazi yake iangaliwe. Kwa hiyo katika kanisa letu sasa, mtu akiponywa ugonjwa wa ndani ya mwili, tunamshukuru Mungu pamoja naye, halafu tunamsindikiza akapimwe, na ushuhuda unafuata. Ndugu wengine walinung'unika kwamba ninapunguza upako. Niliwauliza kama Yesu alipunguza upako wake pale alipowatuma wale kumi.

Na wale wanaosema kwamba waganga wa hospitali na maombi havikai nyumba moja, waangalie Bukavu. Denis Mukwege, aliyepewa Nobel ya Amani mwaka wa 2018, ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Alipokuwa mtoto alikuwa anafuata papa yake kwenda kuombea wagonjwa. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba siku moja, baada ya maombi kwa mtoto mgonjwa, alimuuliza papa yake kwa nini hakumpa dawa. Papa alimjibu kwamba yeye si munganga. Mtoto akaamua pale kwamba papa ataendelea kuomba, na yeye atatoa dawa. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka wa 1999, ni ya CEPAC, kanisa la Kipentekoste kama sisi.

Sasa kuna neno la haya, na hapa ninawaomba wachungaji wenzangu wasome mara mbili.

Virusi vya HPV vinapita katika kukutana kwa mwanaume na mwanamke. Watu wakisikia hivyo, mara moja wanasema: kumbe ni ugonjwa wa wazinzi. Neno hilo limeua mama wengi kwa kuwafungia nyumbani. Virusi hivi ni vya kawaida sana. Karibu kila mtu aliyewahi kuoa ao kuolewa anavipata wakati fulani wa maisha yake. Mama aliyejua bwana mmoja tu tangu arusi anaweza kuvipata kwa huyo mmoja. Bwana naye anaweza kuwa alivipata kabla ya kuokoka, miaka ishirini nyuma, na hana alama yoyote. Wokovu unafuta zambi, lakini haufuti makovu ya mwili, kama vile aliyeokoka akiwa na mguu uliokatwa hatoki kwenye maji ya ubatizo na miguu miwili. Tena, katika jimbo hili tumepita vita. Kuna mama na dada kati yetu ambao hakuna mtu aliyewaomba ruhusa. Mtu akianza kuhesabu nani amepata ugonjwa huu kwa njia gani, anaingia mahali ambapo Mungu peke yake ana haki ya kuingia.

Kuangalia kwenyewe kunafanywa namna gani? Nilimuomba munganga mmoja mama anieleze bila kuficha, naye alinieleza mbele ya bibi yangu.

Njia inayofaa mahali pasipo na mashine kubwa inatumia siki. Ndiyo, siki, ile tunayoita vinegre, lakini iliyotayarishwa kwa kipimo, nguvu yake 3 mpaka 5 kwa 100. Mama analala kwenye kitanda, munganga anaingiza chombo chenye umbo kama mdomo wa bata ili aone mlango wa kizazi. Anapakaza siki, anangoja dakika moja, anaangalia kwa taa. Nyama iliyo salama inabaki na rangi yake. Nyama iliyoanza kugeuka inakuwa nyeupe, inajionyesha kama doa la chokaa. Inawasha kidogo, lakini haikati, na jibu linatoka palepale mama angali amelala. Hakuna kutuma kitu Kinshasa na kungoja miezi miwili.

Wengine watadharau: siki tu? Katika vitongoji maskini vya Mumbai, kule India, waliwafuata wanawake karibu 150,000 kwa miaka 12. Walioangalia kwa siki hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake waliosoma sekondari, wakafundishwa kwa majuma machache. Katika kundi lililoangaliwa, vifo vya kansere hii vilipungua karibu theluthi moja. Kwa siki, pamba na taa!

Kuna njia ingine, ya kutafuta virusi vyenyewe, na OMS inaipenda zaidi kwa sababu inakosea mara chache. Uzuri wake ni kwamba mama anaweza kujichukulia mwenyewe kipimo kwa kijiti cha pamba, bila mtu kumuona. Lakini inahitaji mashine ya maabara. Pale ambapo mashine haipo, siki isidharauliwe.

Doa jeupe si kansere. Ninarudilia, kwa sababu mama mmoja alisikia neno «doa» akaanza kugawa vikwembe vyake: doa jeupe si kansere. Mara nyingi ni mawe mawili matatu ya ukuta. Yanatolewa kwa baridi kali inayogandisha nyama ile, ao kwa kichuma chenye moto kinachogusishwa kwa muda usiofika dakika moja ao zaidi kidogo. Mama anarudi nyumbani kwa miguu yake siku ileile. Doa lingine linakuwa kubwa mno, ao limeingia ndani. Huyo anatumwa kwa daktari mwenye kujua zaidi. Na ni kweli kwamba mara zingine doa lingejiondokea lenyewe, na mama ametibiwa bure. Munganga yule alikubali jambo hilo bila kujitetea. Mimi ninasema, afazali kubadilisha jiwe lililokuwa zima kuliko kulia juu ya nyumba iliyoanguka.

Baada ya matibabu, maji maji yanatoka kwa majuma machache. Mama anaambiwa apumzike na bwana wake asimkaribie kwa mwezi mmoja hivi. Hapa, papa zangu, ndipo kazi yenu ilipo. Kuna mama waliokataa kutibiwa si kwa kuogopa chombo, bali kwa kuogopa kumwambia bwana habari ya mwezi huo mmoja. Mwanaume anayeweza kufunga siku arobaini kwa ajili ya kupata kazi, anaweza kufunga na hiyo pia kwa ajili ya mama wa watoto wake. Kisha baada ya mwaka mmoja mama anarudi kuangaliwa tena, kama kuhani alivyorudi.

Nani aende? Mama wa miaka 30 mpaka 49 ndio wa kwanza. Akionekana safi kwa siki, arudi baada ya miaka 3. Mama mwenye virusi vya SIDA aanze kwenye miaka 25, kwa sababu hatari yake ni mara sita kuliko ya wengine. Na pale anapochukua dawa zake ndipo mahali pazuri pa kuuliza. Mama waliokwisha kuacha kwenda mwezini, siki haiwaonyeshi vizuri, kwa kuwa sehemu ya kuangaliwa inaingia ndani. Hao wamuulize munganga njia ingine. Na mama anayetoka damu baada ya kukutana na bwana, ao aliyeacha mwezi miaka mingi halafu damu ikarudi, ao anayetoa maji yenye harufu mbaya, huyo asingoje siku ya kuangaliwa. Huyo ni mgonjwa, aende hospitali kesho asubui.

Ninajua swali la pesa. Mama anayeuza mafuta ya mawese kwa vikombe anahesabu franka zake mara tatu kabla ya kuziachilia. Lakini tuhesabu pamoja. Kansere ikikomaa, inahitaji upasuaji mkubwa, na mara nyingi miale, ile mashine inayounguza kansere kwa ndani. Kutoka Kindu, ni ndege, ao ni gari la moshi na siku ambazo hakuna anayejua idadi yake, halafu ni kulala katika muji wa wageni majuma mengi. Na mashine yenyewe inaweza kumgeukia mtu. Uganda yote ilikuwa na mashine moja tu ya miale, pale Mulago, Kampala. Mwaka wa 2016 iliharibika kabisa. Mpya ilianza kazi mwanzo wa 2018. Karibu miaka miwili, katika inchi nzima, wagonjwa walitafuta njia ya kwenda Nairobi ao walibaki nyumbani. Mama aliyeangaliwa kwa siki miaka kumi mbele ya hapo hakuihitaji mashine hiyo hata siku moja.

Kwa binti zetu kuna kitu kizuri zaidi tena: chanjo. Inatolewa kwa msichana wa miaka 9 mpaka 14, kabla virusi havijamfikia. Rwanda walianza mwaka wa 2011, wa kwanza katika Afrika kwa inchi nzima. Uganda, Tanzania na Kenya wakafuata. Haizibi kizazi, na haimfundishi mtoto uzinzi, sawa na chanjo ya surua ambayo haijamfundisha mtoto yeyote kutafuta surua. Mahali itakapotolewa kwa binti zetu, mzazi aliyeokoka asiwe wa kwanza kumficha mtoto wake chini ya kitanda.

Sasa mpango wetu. Kabla ya kutembea, ulizeni kwa munganga mkuu wa kituo cha afya chenu, ao kwenye hospitali kuu, nani amefundishwa kuangalia kwa siki, siku gani, na bei gani. Mtu asilipe mtu wa barabarani anayesema anapima kansere kwa kushika mkono ao kwa kipande cha kioo. Chagueni siku ambayo hakuna damu ya mwezi. Mwenye mimba amwambie munganga mapema. Anayetaka munganga mwanamke aseme bila haya, na kama hayupo siku hiyo, apange kurudi akiwapo. Lakini arudi kweli.

Jumatano, baada ya maombi ya wamama, bibi yangu atabaki kanisani na wale wanaotaka kuuliza maswali wasiyoweza kuniuliza mimi. Milango itafungwa, na mimi sitakuwa hapo. Yeye alikwisha kuangaliwa; mtamuuliza chombo kile kikoje. Mama wa Alunguli wanaoogopa kuvuka wenyewe, mashemasi watawangojea kwenye kivuko saa mbili asubui. Wamama wa kwaya waliomjua yule dada yetu wameomba waende wa kwanza, na wameniomba mimi niwasindikize mpaka kwenye mlango wa kituo. Nimekubali.